Kliniki Yako ni Kesho

Marehemu mume wangu alikuwa na simu ndogo ya vitufe, na alipofariki sikuizima. Niliichaji kila Jumamosi kama alivyokuwa akifanya mwenyewe, kisha nikairudisha ndani ya foronya, upande wake wa kitanda. Hakuna aliyeniuliza sababu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiingia chumbani kwangu.

Miezi miwili baada ya mazishi, Jumatano saa kumi jioni, simu ikalia. Nilikuwa nakunja nguo, na shuka likaniponyoka. Nikavaa miwani nikasoma. Majina yake yote matatu yalikuwa yameandikwa pale, kama mtu anayeitwa mbele kupokea zawadi, na chini yake: "Kliniki yako ni kesho saa mbili asubuhi. Tafadhali fika na kadi yako."

Kadi yake nilikuwa nimeshairudisha kliniki kwa mkono wangu. Mwandikishaji pale tunamwita Bwana Kadi, maana siku nzima yuko nazo. Siku nilipompelekea ile ya mume wangu alisimama, akaipokea kwa mikono miwili, akaandika "amefariki" na tarehe bila haraka, halafu akaniuliza kama nimekunywa chai. Kwa hiyo nilijua hii meseji ni kosa la mashine. Akili zangu zilikuwa timamu, asinifikirie mtu vingine.

Lakini watu wakishazika, jina la marehemu huanza kutajwa kwa sauti ya chini, halafu taratibu halitajwi. Majirani walikuwa wanasema "yule mzee wako." Wanangu kwenye simu walikuwa wanasema "tangu yale mambo." Hii simu ililitaja jina lake lote, wazi, bila kunionea huruma.

Nikaketi kitandani nikamwambia mwenyewe. "Umesikia? Kesho kliniki. Na usijifanye umesahau, nakujua." Alikuwa mtu wa kukwepa kliniki yule. Asubuhi ya Alhamisi angekumbuka ghafla kwamba bawaba ya mlango inahitaji mafuta.

Basi ikawa hivyo, kila baada ya wiki mbili. Mara nyingine ilikatika. Ikapita Jumatano moja, ikapita ya pili, ya tatu, kimya, nikasema haya, amenisusa. Halafu ikarudi, na jioni ile nikapika nikiimba. Sikumwambia mtu yeyote. Sikufuta hata moja.

Mimi pia ni mgonjwa wa kliniki hiyohiyo, wa presha. Alhamisi moja, mwaka na ushei tangu mume wangu afariki, nilikuwa nimekaa ukumbini nikingoja zamu yangu, na viti kama kumi vilikuwa vitupu. Akaingia mama mmoja amefunga kitambaa mguuni, kitambaa kimeloa. Anatembea kwa kisigino.

"Nafasi za leo zimejaa, mama," Bwana Kadi akamwambia, na aliona haya kusema.

"Zimejaa na nani?" Mama akageuka akatazama viti. "Baba, hivi hapa wamekaa nani? Mimi mbona siwaoni?"

Watu wakacheka, naye mwenyewe akacheka kidogo, huku machozi yanamtoka. Bwana Kadi akatazama kompyuta yake, akatazama ule mguu, halafu akavuta daftari akamwandika kwa kalamu na kumpeleka kwa muuguzi akiwa amemshika mkono.

Zamu yangu ilipofika nikamwambia, "Umefanya vizuri, mwanangu."

"Nimefanya vizuri, bibi, lakini nitafukuzwa." Alisema akipanga kadi, hakuniangalia. "Mashine inasema viti vina watu. Waliokwisha kufariki wanarudi kwenye orodha na kushika nafasi. Wanafutwa, wanarudi. Wenye programu wanasema ni mimi ninayewarudisha. Nimeonywa mara tatu kwa barua. Ya nne sina kazi."

"Na ni wewe?"

"Bibi, wengine niliwazika mimi. Nitawarudishaje?"

Nilirudi nyumbani polepole. Nilipita dukani na kusahau nilichofuata.

Sasa, wenye programu ile ni kampuni anayofanyia kazi mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa kwanza. Yuko mji mwingine. Babu yake alikuwa akimwita "mke wangu mdogo," kwa hiyo mimi na yeye ni wake wenza tangu akiwa anatambaa. Mara ya mwisho kukanyaga kwangu ilikuwa msibani. Simu alipiga, lakini za dakika mbili, huku nasikia vidole vyake vikibonyezabonyeza.

Jumatatu iliyofuata akabisha hodi. Begi moja mgongoni, na kompyuta ya kukunja ameikumbatia kama mtoto mchanga.

"Mke mwenza! Umekonda wewe."

"Na wewe umenenepa, mke mkubwa. Unakula fungu langu?"

"Nakula lako, na la mume wetu pia. Ingia."

Alikuwa ametumwa kuja kuichunguza kliniki yetu, na alikuwa na siku tano. Nilimpa meza ya chakula. Nilifurahi hata aibu kusema. Nilipika vyakula vya watu sita. Yeye alikula bila kutazama sahani, macho kwenye kioo, na mimi nikakaa ng'ambo ya meza nikichambua mboga ambazo nilikuwa nimeshazichambua. Mtu anaweza kuwa na mgeni nyumbani na bado akaisikia saa ya ukutani.

Jumatano asubuhi nilimwona ametandaza karatasi tatu mezani, amejishika kichwa.

"Hizo ni nini?"

"Karatasi za makosa, bibi. Programu ikiharibika tunajaza moja. Juu unaandika kilichotokea. Chini unaandika kwa nini. Chini yake tena, na hilo nalo kwa nini. Unashuka hivyohivyo mpaka ufike kwenye chanzo chenyewe, ndipo unaandika mtakachobadilisha ili lisirudi."

Nilivaa miwani. Karatasi zote tatu zilisema neno moja. Kwa nini: mwandikishaji amewarudisha marehemu kwenye orodha. Hatua: mwandikishaji ameonywa, majina yamefutwa. Mistari mingine ya chini ilikuwa mitupu.

"Na kwa nini amewarudisha?"

"Hapo ndipo walipochoka," akasema. "Na mimi nilikuwa miongoni mwao. Ya pili hii nimeijaza mimi."

Simu yake ikalia, akaiweka mezani kwa sauti. Alikuwa mkuu wake wa kazi.

"Vipi huko? Andika kosa la mwandikishaji, urudi. Tuna kazi huku."

"Tumeandika hivyo mara tatu, bosi."

"Na ya nne itatuua?"

"Sisi haitatuua. Itamfukuzisha yeye. Halafu marehemu watarudi tena, na hapo tutamfukuza nani?"

"Una ushahidi kwamba si yeye?"

Akabonyeza kalamu mara kadhaa. "Kila tukifuta, kumbukumbu za nyuma zinafutika pamoja. Sijui majina yalirudi tarehe ngapi. Ningepata mtu mmoja tu mwenye meseji zote, ningejua. Lakini nani anatunza meseji ya kliniki ya marehemu? Nimewapigia familia kumi na nne. Wote wamezifuta. Wengine wamenitukana."

"Ijumaa saa sita nataka karatasi," mkuu akasema, akakata.

Nilinyanyuka na sinia langu la mboga, nikaliweka jikoni, nikaenda chumbani na kufunga mlango.

Nilikaa upande wake wa kitanda. Niliitoa simu kwenye foronya. Nilihesabu meseji: ishirini na moja. Nilijua nikimpa mjukuu wangu hii simu, ataiponya ile mashine, na mashine ikipona haitaniletea tena kitu. Nikasema moyoni, kwani ni lazima niwe mimi? Labda kuna mjane mwingine, mahali fulani, asiyefuta. Nikamngoja huyo mjane mwingine kama vile angebisha hodi na kuniokoa. Halafu nikamkumbuka Bwana Kadi alivyosimama kuipokea ile kadi kwa mikono miwili. Na ule mguu.

Nilitoka nikaiweka simu juu ya karatasi zake.

"Ya babu hii," akasema. "Bado inawaka?"

"Soma."

Alisoma akishuka, akashuka, akashuka. Vidole vyake vilitulia. Sijapata kuona vidole vya mtoto yule vimetulia hivyo.

"Bibi. Kwa nini hukusema?"

"Ningesema mngemfuta."

Alivuta kiti chake akakileta upande wangu wa meza, bega likagusa bega, na tukaanza kuandika tarehe. Zilikatika lini, zilirudi lini. Zilirudi mara nne. Ya kwanza kabisa niliijua, ile ya shuka. Ya pili, akanisomea tarehe, nikafikiri.

"Hiyo ilikuwa baada ya mvua kubwa. Umeme ulikatika siku mbili, friji ikayeyuka, nikafuta maji sakafuni na magazeti."

"Na hizi, ya tatu na ya nne?"

"Hapo walikuwa wanachimba barabara. Walikata waya mara mbili, na kila mara hata simu hazikushika mpaka jioni ya pili."

Akaniangalia. "Na ile ya kwanza, umeme ulikuwaje?"

"Ulikuwa umerudi asubuhi ileile. Ndiyo maana nilikuwa nakunja nguo Jumatano, nilichelewa kupiga pasi."

Alisimama akavaa viatu bila soksi.

Bwana Kadi alipotuona wawili pamoja alidhani tumekuja kumwachisha kazi. Mjukuu wangu akamwambia, "Kaka, nionyeshe tu. Mtandao ukikatika, unafanyaje?"

"Natumia orodha iliyomo humu ndani ya kompyuta yangu."

"Na ukirudi?"

"Nafanya mlivyoniagiza." Akanyoosha kidole ukutani. Palibandikwa karatasi yenye nembo ya kampuni, kingo zimebadilika rangi: Mtandao ukirudi, bonyeza PANDISHA YOTE. "Nabonyeza. Nikisahau, mnanipigia simu kunigombeza."

Mjukuu wangu alisimama mbele ya ile karatasi muda mrefu. Nilidhani anaisoma kumbe alikuwa anaona haya. Njiani akanieleza. Marehemu walikuwa wakifutwa kwenye orodha kubwa, ile ya kule ofisini kwao. Hakuna aliyekumbuka kwamba kliniki ina orodha yake ndogo, ya zamani, ambamo hawakufutwa. Mtandao ukirudi, orodha ya zamani inapandishwa yote na kuifunika ile mpya, na wafu wanaamka na nafasi zao. Bwana Kadi alikuwa anatii.

"Nani aliandika ile karatasi ya ukutani?" nikamuuliza.

"Ofisi yetu." Akapiga hatua chache. "Tulimwonya mara tatu kwa kutusikiliza."

Siku ya Alhamisi alishinda akigombana na mkuu wake kwenye simu, kwa adabu, jambo ambalo huchosha zaidi. Nilisikia, "Hapana bosi, kuonya si kurekebisha." Nilisikia, "Basi niondoe mimi kwanza, kwa sababu ya pili niliijaza mimi." Jioni alikuja jikoni, akaegemea mlango.

"Amekubali. Tunakiondoa kile kitufe. Kuanzia sasa kitapanda tu kilichoandikwa wakati mtandao haupo, na aliyefutwa anabaki amefutwa. Bwana Kadi ataandikiwa barua ya kuombwa radhi. Nimeshaitunga mwenyewe, wasije wakaipunguza."

"Vizuri, mwanangu."

Alisimama pale akichezea kitasa. "Bibi, naweza kumwacha babu. Jina moja tu. Naliandikia sharti lake ndani ya programu, linakuletea meseji kila Jumatano ya pili, hakuna atakayejua."

Niliendelea kukoroga. Sitasema uongo, mkono ulisimama kidogo.

"Na Alhamisi nafasi yake itashikwa?"

"Moja tu, bibi. Kati ya arobaini."

"Basi mtu wa arobaini atarudishwa nyumbani, na mguu wake. Halafu mwaka kesho mtu mwingine atamwonea huruma bibi yake, aache wa pili." Nilizima jiko. "Mfute, mke mwenza. Mfute vizuri, asirudi."

Usiku ule hakufungua kompyuta. Alilala kitandani kwangu, upande wa ukutani, akaacha nafasi ya babu yake katikati bila kuambiwa. Ijumaa akaondoka.

Kule kwao, kumbe, kosa halihesabiwi limekwisha siku linaporekebishwa. Lazima wangoje waone kama litarudi. Walipanga kuuzima na kuurudisha mtandao wa kliniki makusudi mara tatu, wiki mbili kwa wiki mbili, kila mara siku moja kabla ya zile Jumatano, halafu wasikilize simu ya mume wangu. Wa kusikiliza nilikuwa mimi.

Jumatano ya kwanza nilikaa na simu mbili mapajani, yake na yangu. Saa kumi ikafika. Saa kumi na robo ikalia yangu.

"Imekuja?"

"Haijaja."

"Ngoja nikae nawe mpaka na nusu. Mitambo huchelewa." Na kweli akakaa. Tukaongea habari za mwenye nyumba wake anayefuga paka wanane, na mimi nikamweleza jinsi babu yake alivyopaka bawaba mafuta mpaka mlango ukawa haufungi. Alicheka. Vidole havikubonyeza kitu.

Jumatano ya pili ilikuwa hivyohivyo, tena tulivuka saa kumi na moja. Nilikuwa nimeoga na kuvaa gauni zuri, kwa ajili ya simu. Hebu fikiria.

Ya tatu ndiyo iliyonijaribu. Ilipofika saa kumi na robo nilikuwa nimeshaona mambo yanakoelekea. Nikisema haijaja, wanafunga kazi, na yeye hana tena sababu ya kupiga Jumatano. Nikisema imekuja, wanaanza upya. Wiki sita nyingine. Angeweza hata kurudi, na begi lake, akaketi mezani pangu. Neno moja tu, na nani angekuja kuitazama simu ya marehemu?

"Bibi? Imekuja?"

Simu ya mume wangu ilikuwa imelala mapajani, kioo cheusi. Nilimsikia mjukuu wangu akipumua akingoja. Alikuwa na hofu, mtoto wa watu. Alikuwa ameweka jina lake kwenye ile karatasi.

"Bibi?"

"Haijaja."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika, mwanangu. Haijaja, na haiji."

Akashusha pumzi. Nikasikia vidole, mara tatu nne. "Basi nimeifunga," akasema. "Asante, bibi. Bila wewe tungekuwa bado tunamwonya yule mtu."

"Utapiga tena lini?"

"Nitapiga. Kazi zikipungua kidogo. Nitapiga, bibi."

Sikumuuliza siku gani. Alisema nisalimie watu wa huko, tukaagana, na ilikuwa bado saa kumi na dakika ishirini. Nilibadilisha lile gauni. Nikaizima simu ya mume wangu, nikasubiri taa yake izimike kabisa, kisha nikapika kikombe kimoja cha mchele, na hata hicho kikabaki.

Kesho yake ilikuwa kliniki yangu. Nilichelewa kutoka, na nilipofika ukumbi ulikuwa umejaa, hakuna kiti. Nikasimama ukutani na kadi yangu mkononi. Bwana Kadi alikuwa anaita namba, na kila aliyeitwa aliitika, "Nipo," akainuka akaenda. Namba baada ya namba. Sikupata kusikia hata moja iliyobaki hewani.

Mama mmoja nisiyemjua akanitazama miguu, akasogea, akapiga kiti chake kwa kiganja.

"Njoo tubanane. Umekuja na nani?"

"Peke yangu," nikasema.

Akasogea tena kidogo, nikakaa.